Sauti Iliyotoka Fumba

Katika visiwa na miji ya pwani yetu, nasaba ndiyo iliyokuwa mizani ya kumpimia mtu kabla hajafumbua kinywa. Aliulizwa ni mwana wa nani na wa mtaa upi, na kwa majibu yake ikaamuliwa kama atakaribishwa barazani au atapitishiwa uani. Kwa mizani hiyo, binti aliyezaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, mnamo mwaka 1880, hakuwa na uzito hata wa unyoya. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi, na mama yake ya Kizigua. Wote wawili walikuwa watu wa jamaa za watumwa, na mtoto mwenyewe akaitwa Mtumwa. Sheria ya mwaka 1897 iliondoa hali ya utumwa Unguja, naye wakati huo alikuwa msichana wa kiasi cha miaka 17. Walakini sheria haikumpa shamba, wala elimu, wala daraja mbele za watu.

Alichokuwa nacho ni ufinyanzi, kazi aliyoipokea kwa mama yake. Asiyewahi kumwona mfinyanzi hudhani kwamba chungu ni udongo tu uliopitiwa na moto. Hajui kuchimba na kubeba, kuponda na kuchambua mawe, kukanda kwa maji mpaka viganja vipasuke, kuinua kuta za chungu kidole kwa kidole, kisha kusubiri kivulini siku kadhaa, maana chungu kilichoharakishwa hupasuka motoni na taabu yote ikawa hasara. Na hata kikitoka salama bado si fedha: lazima kipande kichwani, kipite njia za vijiji mpaka mjini, na mwenye nacho apaze sauti ili walio majumbani wajue kwamba biashara inapita. Huyu binti alipopaza sauti yake akiimba, watu walitambua kwa mbali nani anakuja.

Wako wanaosema kwamba Siti binti Saad, kama alivyokuja kuitwa, alibahatika. Mimi siafikiani nao. Sauti ni atia ya Mwenyezi Mungu, hilo halina shaka. Bali wenye sauti njema walikuwa wengi Unguja, wakaimba harusini na kwenye vinu, wakafa bila kujulikana ng'ambo ya pili ya kijiji. Siti alihamia mjini mwaka 1911, akiwa amekwisha kupita miaka 30, umri ambao mwanamke wa zama zile alihesabiwa kuwa maisha yake yamekwisha kukaa yalivyokaa. Huko mjini alikubali kuwa mwanafunzi. Ali Muhsin, aliyekuwa mpigaji wa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905, alimfundisha uimbaji na kwenda sambamba na ala. Taarabu ilikuwa imeingia katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, na ikaendelea kuimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Kila alichoimba alikihifadhi moyoni.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote: aliitwaa sanaa ile ya majumba ya wakubwa akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya waliokuwa wakichota maji na kuchuma karafuu. Habari za mitaani zikawa nyimbo. Katika wimbo wa Kijiti alitangaza dhulma ya kuuawa kwa mwanamke aliyetoka Dar es Salaam, muuaji akatorokea bara, na mashahidi wanawake ndio wakaishia gerezani. Wapenzi wa taarabu walimjia nyumbani usiku kumsikiliza yeye na wenziwe, kina Subeti bin Ambari, Budda bin Mwendo na Mbaruku. Mwaka 1928 walivuka bahari mpaka Bombay, wakarekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na sahani za santuri zikaenea pwani na bara.

Mafanikio yale hayakumkinga na ndimi za mahasidi. Alitungiwa wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, nguo nyeusi ya vijakazi, na kumsuta kwamba pasipo sauti hana kitu. Sura yake nayo ikatajwa kwa dharau. Naye alijibu kwa wimbo, akisema kwamba uzuri wa sura si hoja mtu akikosa tabia na akili. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu wake, alimpa kitabu kizima kama wapewavyo watawala, na alistahiki.

Nguvu ya sauti haikuishia kwake. Alipofariki Siti, huko Dar es Salaam Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa ndio kwanza kijana, kiongozi wa waimbaji katika ngoma ya Bomba. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza wako wapi wanawake wa TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika; ndipo Titi, maarufu Bibi Titi, akaitwa aje. Hakuanza kwa vitabu vya siasa. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, wauza maandazi na wapika pombe, watu waliokwisha kuzoea kuchangishana na kuitikiana, na katika miezi michache wanawake kwa maelfu walikuwa na kadi za chama. Baadaye yalimpata mazito: alikamatwa mwaka 1969 kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akasamehewa mwaka uliofuata. Alifariki mwaka 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Na huko Unguja, Bi Kidude, jina lake halisi Fatuma binti Baraka, binti wa muuza nazi, alizishika nyimbo za Siti akaziimba mpaka uzeeni, huku akijipatia riziki kwa hina na kwa ngoma za unyago. Dunia ilimtunza tuzo ya WOMEX mwaka 2005, naye akafariki tarehe 17 Aprili 2013.

Sahani zile za Bombay huvunjika upesi kama vyungu vya Fumba. Msomaji mwenye moja sandukuni, iliyoachwa na bibi au babu, asiwape watoto wachezee, wala asimwuzie mpita njia. Aifunge kwa kitambaa laini, aipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, ipate kuhifadhiwa.