Ukifika Salem, Usiishie kwa Wachawi

Ndugu zetu wanaokuja Boston huniuliza watembee wapi. Mimi huwaambia wapande treni ya kuelekea kaskazini, mwendo wa nusu saa hivi, washuke Salem. Ni mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts, na kwa maoni yangu ni miji michache ya Marekani inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kwa kiasi hicho.

Utapokewa na wachawi: kofia zilizochongoka, fulana, paka weusi. Oktoba ndiyo usiseme. Chanzo chake ni kesi za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi na mzee mmoja, Giles Corey, akafa kwa kukandamizwa kwa mawe. Miongoni mwa wa kwanza kutuhumiwa alikuwa Tituba, mwanamke mtumwa. Mimi ninatoka nchi ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, hivyo biashara hii ya kofia hainichekeshi. Nenda kwenye makaburi ya kale ya Charter Street. Kando yake kuna ukumbusho uliojengwa mwaka 1992, wenye viti vya mawe vilivyochongwa majina ya waliouawa. Tulia hapo kidogo, kisha uelekee baharini.

Gati la Derby limeingia majini kwa karibu mita 800. Siku hizi utakuta watu wanatembeza mbwa. Mbele yake ipo Forodha ya mwaka 1819, alikofanya kazi mwandishi Nathaniel Hawthorne. Lakini mimi hulitazama gati lenyewe, kwa kuwa meli za mji huu zilikuwa zikisafiri hadi Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 alifika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Meli zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Zilichopeleka zaidi ni kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, ambacho wazee wetu walikiita merikani.

Bibi yangu alilitumia neno hilo bila kuwaza Marekani hata kidogo. Huko bara kitambaa hicho kilikuwa fedha: kilipimwa kwa dhiraa, misafara ikakitumia kulipa hongo kwa watemi na kununua chakula cha wapagazi. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Na miongoni mwa waliobeba pembe hadi pwani, wamo waliokuwa watumwa pia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua soko. Jina likabaki kwetu.

Makumbusho ya Peabody Essex yametokana na jumuiya ya mabaharia iliyoanzishwa mwaka 1799. Mwanachama alipaswa kuwa amevuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn akiwa nahodha au msimamizi wa shehena. Ingia, na uulizie vitu vya Afrika Mashariki.

Mwisho, usikose Hamilton Hall, katika mtaa wa Chestnut. Humo John Remond, mtu mweusi huru, aliandaa karamu za matajiri wa mji. Mwaka 1835 watoto wake walifukuzwa shule ya Salem kwa sababu ya rangi yao. Mmoja wao, Sarah Parker Remond, alikwenda Uingereza mwaka 1859 na kusimama Manchester, mji wa viwanda vya nguo, akawaeleza wasikilizaji wake kwamba pamba waliyoitegemea ilitokana na jasho la watu wasiolipwa chochote. Wakati huo, meli za mji alikozaliwa zilikuwa bado zinashusha merikani Unguja.