Wazee wa Umatumbi na Vijana wa Mlimani

Mwezi Julai 1905, kwenye shamba la pamba kule Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, wanaume wawili waling'oa miche michache ya pamba. Wazee waliosimulia baadaye waliwataja kwa majina: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Hawakufyeka shamba zima. Miche michache ilitosha, maana pamba ile ililimwa kwa amri ya serikali, na kila aliyekuwepo alijua kwamba kuing'oa ni kumtangazia Mjerumani vita. Jumbe akapeleka habari kwa akida wa Kibata, na haukupita muda Umatumbi wote ukawa umewaka.

Leo kisa hiki kimo katika vitabu vya shule, na kijana anayekisoma anaweza kudhani kimekuwamo siku zote. Sivyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyetaka kujua habari za vita hivyo, vilivyoitwa Majimaji, alikuwa na kitabu cha Gavana von Götzen mwenyewe, kilichotoka Ujerumani mwaka 1909. Alikuwa na barua za wamisionari, na mafaili ya ofisi ya makoloni yaliyokuwa Potsdam, Ujerumani Mashariki. Kwa Kiswahili kulikuwa na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapwa Ujerumani mwaka 1933 na kutolewa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwenye utenzi alikuwa mtu wa pwani, na vita aliviangalia kutoka mjini. Mtu wa Nandete hakuwa na mahali popote alipoandikwa akieleza kwa nini aling'oa pamba.

Swali la nani aeleze lilikuwa linasumbua bara zima wakati huo. Mwaka 1963, mwaka uleule viongozi walipokutana Addis Ababa na kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwanahistoria mkubwa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitamka hadharani kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa isipokuwa ile ya Wazungu waliokuja huku. Maneno yake yamenukuliwa mno, nami naona yamepewa heshima kuliko yanavyostahili, kwa sababu alipoyasema kazi ya kumjibu ilikuwa imeshaanza bila yeye. Kenneth Dike wa Ibadan alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu biashara na siasa za mdomo wa mto Niger mwaka 1956. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti Kongo na Rwanda, alikuwa ameandika mwaka 1961 jinsi masimulizi ya mdomo yanavyoweza kupimwa na kuchujwa kama unavyopima hati. Bethwell Ogot alikuwa akikusanya mapokeo ya Wajaluo, kazi iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1967. Kilichobaki kilikuwa kufanya kazi hiyo kwa wingi, na kuwafundisha vijana wa kuiendeleza.

Dar es Salaam ilipata nafasi yake hapo. Chuo Kikuu kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wachache wasiojaza hata darasa moja la kawaida, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Mkuu wa kwanza wa idara ya historia alikuwa Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia kwa sababu ya siasa zake. Mwaka uliofuata idara hiyo changa iliita mkutano wa kimataifa wa wanahistoria wa Afrika. Mwalimu Nyerere aliufungua. J. F. Ade Ajayi wa Nigeria alitoa hoja iliyowakera baadhi na kuwafurahisha wengi: kwamba ukoloni ulikuwa kipindi kimoja tu katika historia ndefu ya Afrika, na kwamba taasisi za Waafrika hazikufutika siku bendera ya mgeni ilipopandishwa. Ukiikubali hoja hiyo, huna budi kwenda kuzitafuta taasisi zenyewe. Huzipati Potsdam.

John Iliffe, mwalimu mwingine wa Mlimani, alikuwa amezichimba nyaraka za Kijerumani. Gilbert Gwassa, Mtanzania, alikwenda Umatumbi na bonde la Rufiji kuzungumza na wazee. Kijitabu chembamba walichokihariri pamoja, kikatolewa na Chama cha Historia cha Tanzania, kiliweka sauti za pande mbili ubavu kwa ubavu: afisa anaripoti, mzee anasimulia. Kisha, mwaka 1968, wanafunzi wa shahada ya kwanza walipelekwa katika wilaya zilizopigana ili nao wakusanye ushuhuda. Mradi huo uliitwa Utafiti wa Majimaji.

Fikiria hesabu yake. Mvulana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwanafunzi alipofika kwake. Miaka kumi zaidi na pengine asingekuwepo. Mwanafunzi naye alikuwa wa kizazi cha kwanza kupata elimu ya juu katika nchi huru. Mwaka mmoja kabla Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa, na Oktoba 1966 Mwalimu alikuwa amewarudisha nyumbani mamia ya wanafunzi walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Msomi wa siku zile alikuwa anaambiwa kila upande kwamba anawadai wanakijiji, au wao wanamdai. Kuketi barazani kwa mzee na daftari, ukamwamkia na kumsikiliza bila kumkatiza, kulikuwa na maana ambayo mtaalamu wa kigeni asingeiona.

Wazee walieleza nini? Kwanza pamba. Kuanzia 1902 serikali ya Götzen iliamuru mashamba ya pamba ya pamoja, kila jumbe na la kwake, na watu wakatolewa kwenye mashamba yao kwenda kulima huko chini ya kiboko. Malipo yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Wizara ya fedha ya Berlin isingeweza kulipima jambo ambalo wazee walilitilia mkazo, yaani kwamba mtu mzima alichapwa mbele ya mkewe na watoto. Halafu walimweleza Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye karatasi za Kijerumani zilimwona mchawi mmojawapo tu, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kwa wazee alikuwa mtu aliyeshikwa na pepo wa Hongo, akavutwa hadi kwenye kidimbwi cha mto, watu wakamlilia wakidhani amezama, na kesho yake akaibuka nguo zikiwa kavu. Watu walimiminika Ngarambe kutoka kila upande kuchukua maji yake ya dawa, na habari ilipelekwa kwa minong'ono ya siri ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila. Alichosisitiza Kinjikitile, kwa masimulizi hayo, ni kungoja. Watu wasianze mpaka atakapotoa neno. Wamatumbi walichoka kungoja, na ndipo miche ya Nandete ikang'olewa.

Mimi huona kisa hicho cha kutosubiri ndicho kinachoupa ushuhuda ule uzito. Anayetunga hadithi ya kuwasifu babu zake hasemi kwamba babu zake walimkaidi nabii wao.

Lakini nchi ilikuwa inasubiri jambo jingine kutoka kwa Majimaji. Desemba 1956, akiwa Umoja wa Mataifa, Nyerere alikuwa ameshavitaja vita hivyo kama chimbuko la madai ya wananchi wake: waliopigana mwaka 1905 walikataa kutawaliwa, na TANU iliendeleza madai yao kwa amani. Makala ya Iliffe ya mwaka 1967 ilieleza jinsi dini ya maji ilivyounganisha makabila yaliyokuwa hayana mfalme mmoja, na Ranger mwaka uliofuata akaunganisha upinzani wa mwanzo na vyama vya siasa vya baadaye. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri historia ya Tanzania ambayo walimu wengi waliishika kama msahafu. Mwaka huohuo Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake Kinjeketile, akibadilisha jina kidogo na kueleza wazi kwamba mhusika wake ni wa kubuni. Shule hazikuisikia tahadhari hiyo vizuri sana. Kwa wanafunzi wengi Kinjeketile wa jukwaani ndiye Kinjikitile wa Ngarambe.

Ukisoma ushuhuda wa wazee kwa utulivu, umoja upo, ila una mipaka. Uliwashika Wamatumbi, Wazaramo wa kusini, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, na hatimaye Wangoni. Wahehe, ambao Mkwawa wao alikuwa amekufa miaka saba tu nyuma, hawakuinuka. Baadhi yao walipigana upande wa Wajerumani. Kiwanga, mtemi wa Kilombero, alisimama na serikali na akafia upande huo. Askari waliokuwa nyuma ya bunduki za mtombo pale Mahenge, Wapogoro na Wambunga walipolishambulia boma mwishoni mwa Agosti 1905 na kuanguka kwa mamia, walikuwa Waafrika. Na Wangoni walipoyapokea maji, kila kiongozi alikuwa na hesabu zake mwenyewe na jirani yake.

Wakosoaji wakali zaidi wa historia ile hawakutoka Ulaya. Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Mlimani, alitoa kitabu chake maarufu mwaka 1972 kikichapwa London na Dar es Salaam, na swali lake lilikuwa tofauti kabisa: nani alifaidika na jasho la nani? Mwaka 1981 Temu, yuleyule wa kitabu cha 1969, akiwa pamoja na Bonaventure Swai, alitoa uchambuzi mkali wa shule ya historia aliyoisaidia kuijenga. Walisema ilitukuza juhudi za Waafrika bila kueleza kwa nini Waafrika bado ni maskini. Si watu wengi wenye moyo wa kufanya hivyo. Baadaye watafiti kama Thaddeus Sunseri na Jamie Monson walirudi kwenye mambo ambayo simulizi ya kitaifa iliyapita haraka: nguruwe pori waliokula mazao wakati wanaume wako kwenye pamba, wanawake waliobaki kulinda mashamba, ugomvi wa zamani wa watemi kuhusu biashara ya pembe na mpira. Kazi hiyo ilitegemea sana majalada yale ya wanafunzi wa 1968. Waliouliza maswali ya umoja walikuwa wameandika majibu yote, na yale ya ugomvi yakiwemo.

Idadi ya waliokufa ni mfano mwingine. Wajerumani walizungumzia watu 75,000. Gwassa, kwa kuunganisha masimulizi ya njaa iliyofuata, alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Jeshi lilichoma maghala na mazao makusudi ili njaa imalize kazi, na maafisa wenyewe waliliandika hilo bila aibu. Sehemu kubwa ya nchi iliyoachwa tupu ilimezwa na msitu na baadaye ikawa pori la akiba la wanyama.

Bara lote nalo lilifuata njia hiyohiyo ya kuanza na ushuhuda wa wenyeji. Mkutano mkuu wa UNESCO wa mwaka 1964 uliidhinisha historia kuu ya Afrika, na kamati ya watu 39, theluthi mbili wakiwa Waafrika, ikasimamia juzuu nane zilizotoka kati ya 1981 na 1993. Joseph Ki-Zerbo wa Burkina Faso alihariri juzuu ya kwanza, ambayo inaanza kwa kujadili mbinu, masimulizi ya mdomo yakiwa miongoni mwa vyanzo. Ogot alihariri ya tano, Ali Mazrui wa Mombasa ya nane. Ni vitabu vizito, na vingi vimebaki maktabani kuliko mikononi mwa walimu wa sekondari.

Songea ni mahali ambapo kazi hiyo bado haijapoa. Kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka viongozi wa Wangoni walionyongwa mwaka 1906, na katika Makumbusho ya Taifa ya Majimaji jina la Mkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi, linatajwa pamoja na wanaume. Songea Mbano alinyongwa siku chache baada ya wenzake, na jamaa zake husema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake, na akakutana na wajukuu wa Songea Mbano. Kichwa hakijapatikana. Mwaka huohuo taasisi ya makumbusho ya Berlin ilimaliza kuchunguza zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki enzi za Wajerumani, na ikapata jamaa hai wa mafuvu machache ya Wachaga kwa vipimo vya vinasaba. Vipimo vyenyewe vilihitaji sampuli kutoka kwa mtu anayejua ukoo wake ulitoka wapi, kwa hiyo watafiti walilazimika kuanzia kwenye kibandiko chenye jina la mahali, halafu kwenda kijijini kuuliza babu huyu alikuwa nani.