Lami ndiyo iliyoleta tairi la njia zote Karatu

Mbele ya maduka ya matairi ya Karatu hukosi kuona magari ya utalii yaliyonyanyuliwa, yakisubiri kubadilishiwa viatu kabla ya kupanda Ngorongoro. Mgeni akitazama yale meno mapana hudhani tope la huko juu ndilo lililoleta tairi la njia zote. Lakini tope lilikuwepo tangu zamani, na madereva waliishi nalo miaka mingi kwa tairi jembamba. Lililobadilika ni barabara: lami ilipofika, tairi la zamani likaanza kushindwa.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na haikuchukua muda mrefu kuenea Tanganyika kwa mabwana shamba, walowezi na askari wa wanyamapori. Gari la kwanza lilivaa 6.00-16. Yale marefu yaliyofuata yakavaa 7.50-16, yaani upana wa inchi saba na nusu kwenye ringi ya inchi 16. Kimo chake kinakaribia inchi 32. Ni tairi refu na jembamba, na wembamba huo ulikuwa na kazi: ulikata tope laini la juu hadi magurudumu yakagusa ardhi ngumu chini. Ndani yake mlikuwa na tyubu, kwa hiyo pancha ilizibwa kwa kiraka na gundi popote ilipotokea.

Udhaifu wake ulikuwa mwendo. Nyuzi za tairi hilo zilipishana mshazari, tabaka juu ya tabaka, na zikisuguana kwa kasi joto hupanda. Lakini kutoka Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kisha kupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu, hapakuwa na mahali pa kukimbiza gari. Vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wa udongo mwekundu wakati wa masika viliweka kikomo cha mwendo bila kibao.

Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti ikawa eneo la hifadhi linalojitegemea, ambamo Wamaasai na mifugo yao waliendelea kuishi. Siku zile gari lilienda lilikotaka. Filamu ya Hatari! iliyotolewa mwaka 1962, ambayo sehemu zake zilipigwa Ngorongoro, inaonesha magari yakifukuza wanyama mbugani. Leo ukiacha njia ndani ya Kreta ya Ngorongoro unavunja sheria. Gari linaloitwa la porini kwa kweli hutembea barabarani siku nzima, ingawa barabara yenyewe ni ya changarawe, majivu ya volkano na miteremko mikali.

Baada ya uhuru tairi likawa suala la taifa. General Tyre East Africa iliundwa mwaka 1969, serikali ikiwa na hisa nyingi na kampuni ya General Tire ya Marekani ikiwa mbia, na kiwanda cha Arusha kikaanza uzalishaji mwaka 1971. Karatu ikawa na kiwanda cha matairi umbali wa kilomita takriban 140. Bahati hiyo haikuondoa dhiki. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, na misafara ya watalii iliyozoea kuingia kutoka Nairobi ikakatika. Fedha za kigeni zilipoadimika, hadi miaka ya 1980 tairi lilitumika mpaka likawa kipara, likatiwa viraka, na lilipokufa kabisa likakatwa katambuga.

Wakati huo huo teknolojia ilikuwa imegeuka kwingineko. Michelin ilisajili hataza ya tairi la radiali mwaka 1946: nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake hufungwa mkanda wa waya za chuma. Tairi hilo hupata joto kidogo, na uso wake hukaa sawasawa barabarani. Mwaka 1976 BFGoodrich ya Marekani ikatoa All-Terrain T/A, tairi la radiali lililokusudiwa lami na vumbi kwa pamoja. Land Cruiser ya toleo la 70 iliyotoka mwaka 1984, ambayo karakana za Arusha huirefusha na kuiwekea paa la kufunguka, ilifika na 7.50R16. Kipimo ni kilekile cha Land Rover. Herufi R ndiyo inayotambulisha radiali.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani, barabara ya takriban kilomita 80 kutoka Makuyuni hadi Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, ikawekwa lami. Sasa gari linatoka Arusha kwa kasi, kisha langoni linaingia kwenye changarawe yenye makunyanzi kama bati hadi Serengeti. Tairi la tope likikimbizwa kwenye lami huunguruma, huisha upesi na hushika vibaya mvua inaponyesha. Tairi la lami nalo hukatwa na mawe baada ya Lodoare. Hapo ndipo tairi la njia zote lilipopata soko. Lakini kiwanda cha Arusha kilisimama mwishoni mwa muongo huohuo, na mahitaji hayo mapya yakahamia kwa waagizaji wa nje.

Historia hii inamsaidia mnunuzi wa leo. Kipimo cha 235/85R16 kina kimo karibu sawa na 7.50R16, hivyo gia na kipimamwendo havisumbuliwi. Ukipanda hadi 285/75R16 kimo huongezeka kwa asilimia tatu na nusu hivi: kipimamwendo kilichokuwa sahihi kitasoma 100 wakati unakwenda zaidi ya 103, na injini itavuta kwa shida zaidi mlimani. Wengi pia husahau kwamba springi ndefu huinua bodi tu. Difu, ambayo ndiyo hugonga mawe, huinuliwa na tairi peke yake, na badiliko hilo linaipandisha milimita 14 tu.

Kabla ya kutazama meno, soma ubavu. Namba ya uzito ikiwa 120, ina maana tairi moja linabeba kilo 1,400, jambo muhimu kwa gari lenye abiria saba, mizigo na friji. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lililozeeka dukani huweza kupasuka likiwa bado na meno mazima. Na asikudanganye mtu: kwenye udongo mweusi wa mbuga meno ya tairi la njia zote hujaa tope, tairi likawa kama kipara. Hapo kinachosaidia ni kupunguza upepo, na kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Kwa hiyo mwenye gari la kukaa ndani ya hifadhi masika yote ana sababu ya kununua tairi la tope. Anayelala Karatu na kupanda Lodoare kila alfajiri hana sababu hiyo. Ahesabu kilomita zake za lami na za changarawe, kisha achague tairi linalofaa pale atakapotembea zaidi.