Mnada wa Wachezaji Wasio na Kumbukumbu

Mwaka jana, kabla ya pazia la Ligi Kuu kufunguliwa, vijana watano niliowahi kuwafundisha walinialika katika mchezo wao mjini Singida. Kila mmoja alikuwa na shilingi za kufikirika 260,000 za kununulia wachezaji mnadani. Baadaye pointi zingetokana na mabao na dakika ambazo wachezaji hao wangecheza kweli. Nilitumia karibu theluthi ya fedha zangu kwa mshambuliaji niliyemwona mara moja tu. Ligi ilipoanza, hakuwamo hata katika orodha ya wachezaji wa timu.

Walinicheka, na walistahili kunicheka. Hata hivyo swali likabaki: ningeyapata wapi makadirio ya kuaminika?

Mchezo huu una historia. Mwaka 1980, mwandishi Daniel Okrent na wenzake jijini New York walianzisha mnada wa namna hiyo kwa wachezaji wa besiboli, na bajeti iliyokuja kuzoeleka ni dola 260 kwa kila timu. Waliweza kwa sababu walikuwa na urithi. Tangu karne ya 19, mwanahabari Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza, alikuwa amewazoesha Wamarekani kuandika gazetini kila mchezaji alifanya nini katika kila mchezo. Juu ya urithi huo, mtakwimu Tom Tango alijenga kanuni aliyoiita Marcel, jina la tumbili wa tamthilia ya televisheni, kwa maana kwamba hata tumbili angeweza kuitumia. Unachukua misimu mitatu ya mchezaji. Ule wa karibuni unaupa uzito wa 5, uliotangulia 4, wa nyuma zaidi 3. Kisha unayavuta matokeo kuelekea wastani wa ligi na kuzingatia umri. Basi.

Sasa tuilete kanuni hiyo Singida. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018 na kufungwa 3–2 na Mtibwa Sugar, kisha ikashuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2019/20. Mwaka 2022 iliyokuwa DTB ikawa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Fountain Gate ikahamia Babati, na Ihefu, yenye asili ya Mbarali, ikawa Singida Black Stars. Hata uwanja haukusalimika: Namfua sasa ni Liti. Anayetafuta misimu mitatu ya “timu ya Singida” hukuta timu tatu, na mkusanyiko wa wachezaji ambao wengi wao walipita tu.

Siwalaumu wenye timu; fedha zao, uamuzi wao. Hofu yangu ipo ngazi ya chini. Kijana wa Manyoni au Iramba anayefunga mabao kumi katika UMISSETA, nani ameyaandika? Katika mnada wa ng'ombe, mnunuzi mwenye akili hufungua mdomo wa mnyama akakagua meno. Kijana huyu hana hata meno ya kukaguliwa; husajiliwa kwa kusimuliwa, na huachwa kwa kusimuliwa. Wakati huohuo wanafunzi wangu wanaandika mikeka kwa fedha ya chakula, wakishindana na kampuni zenye takwimu ambazo wao hawana.

Maofisa michezo wa halmashauri watanijibu kwamba hakuna bajeti. Kauntabuku moja inagharimu shilingi elfu chache.

Wale vijana watano na mimi tumeinunua. Kila mechi ya Liti mmoja wetu huketi na kalamu: nani ameanza, nani ametoka na dakika ya ngapi, nani amefunga. Kurasa tisa zimejaa, moja ikiwa imelowa mvua. Misimu mitatu bado iko mbali, na mnada ujao ni Agosti.