Neno Lililokuwa Mwiko

Kapteni Robert Miller alikuwa mgeni kazini katika kambi ya jeshi la anga ya Tinker, jimboni Oklahoma, Marekani. Usiku wa Machi 20, 1948, alitabiri upepo mkali tu. Ikaja tonado, kile kimbunga chembamba kinachoshuka kutoka wingu mithili ya mkonga wa tembo, ikazipondaponda ndege. Hasara: kama dola milioni 10.

Siku tano baadaye, yeye na Meja Ernest Fawbush wakaona ramani za hali ya hewa zimerudi vilevile. Jenerali wa kambi akataka kujua: mnatoa tahadhari au hamtoi? Wakasita. Nani angeamini tonado itapiga kambi ileile mara mbili ndani ya wiki moja? Mwishowe wakaitoa, ndege zikaingizwa mabandani. Miller akarudi nyumbani akijiona kibarua kimeota nyasi. Karibu saa 12 jioni tonado ikafika kweli, na habari hiyo yeye aliisikia redioni.

Tahadhari ile, hata hivyo, ilikuwa ya wanajeshi. Raia wa nje ya ua hawakuwa na haki nayo. Tangu miaka ya 1880 neno “tonado” lilikuwa mwiko katika utabiri wa serikali: wakubwa waliamini kwamba watu wangetaharuki, na taharuki ingeua kuliko upepo. Mwaka 1938 waliruhusu kidogo waokoaji wadokezwe, basi. Ni 1950 tu ambapo Francis Reichelderfer, mkuu wa idara ya hali ya hewa, aliwaandikia watumishi wake kuwa hakuna marufuku.

Vyombo vya kufikisha tahadhari vikafuata. Baada ya tonado 148 za Aprili 1974 kuua zaidi ya watu 300, redio maalumu za hali ya hewa zilisambazwa kwa kasi. Mwaka 2007 tahadhari ikaacha kutolewa kwa wilaya nzima. Mtabiri akawa anachora ramani ya njia ya dhoruba tu. Mwaka 2012 simu za mkononi zikaanza kulia zenyewe tahadhari inapotolewa.

Na ile taharuki? Mei 22, 2011, ving'ora vya mji wa Joplin, Missouri, vililia dakika zaidi ya 20 kabla ya tonado iliyoua watu wapatao 158. Wengi hawakukimbia hata hatua moja. Waliwasha televisheni kuhakikisha, au walitoka nje kutazama mawingu.