Zaidi ya Miaka 400 ya Ubishi Kuhusu Kondomu

Kaswende ilipolipuka Ulaya katika miaka ya 1490, kila mtu alimsingizia jirani: Waitalia waliuita ugonjwa wa Wafaransa, Wafaransa wakauita wa Napoli. Tiba ilikuwa zebaki, iliyowang'oa wagonjwa meno. Ndipo tabibu wa Padua, Gabriele Falloppio, akabuni kifuko cha kitani kilichochovywa dawa. Kitabu chake kilitoka 1564, naye akiwa ameshafariki, kikidai kwamba wanaume 1,100 walijaribu kifuko hicho na hakuna aliyeambukizwa. Dai hilo silimezi. Nani aliwafuatilia wote hao? Ila swali lake limebaki lilelile: kinga hii inazuia kwa kiasi gani?

Jibu lilikawia. Vifuko vya utumbo wa kondoo vilikuwa vya wenye fedha, tena vikioshwa na kuvaliwa upya. Charles Goodyear alipofaulu kuimarisha mpira kwa salfa na joto, 1839, bei ikaanza kushuka. Lateksi ya miaka ya 1920 ikauleta wembamba. Kisha penisilini ikawatoa watu hofu, mpaka Ukimwi ulipoirudisha.

Tanzania iliwagundua wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka hiyohiyo, katika mtaa wa Majengo, Nairobi, muuguzi Elizabeth Ngugi aliketi na wanawake waliouza miili, akawafundisha na kuwagawia kondomu. Matokeo yaliyochapishwa 1988 yalionyesha kuwa waliozitumia, hata wasiozitumia kila mara, waliambukizwa VVU kwa uchache kuliko wasiozitumia kabisa. Hata hivyo, mwaka 1996 Kardinali Maurice Otunga alizichoma kondomu hadharani jijini humohumo, na vijiweni wanaume waliendelea kudai kuwa pipi hailiwi na ganda lake.

Thailand haikubishana. Mwaka 1989, mkoani Ratchaburi, Dkt. Wiwat Rojanapithayakorn aliyabana madanguro yote kwa sharti moja: bila kondomu, hakuna huduma. Mwanamume akija kliniki na kisonono aliulizwa alikotoka, na danguro hilo likafuatwa. Mteja mkaidi hakuwa na pa kuhamia. Mwaka 1991 mpango ukawa wa taifa zima, na magonjwa ya zinaa yakaporomoka.

Mwaka 2002 wachambuzi waliozikusanya tafiti za wapenzi ambao mmoja wao ana VVU walikadiria kuwa kutumia kondomu kila mara kunapunguza maambukizi kwa takriban asilimia 80. Kwa malengelenge ya sehemu za siri, kaswende na virusi vya HPV kinga ni pungufu, maana hupita pia kwenye ngozi isiyofunikwa. Wapinzani huishika asilimia 20 iliyobaki na kutangaza kuwa mpira unavuja. Kiwandani sampuli hujazwa maji mililita 300 kutafuta tundu, na karibu zote hufaulu. Udhaifu mkubwa uko chumbani: kondomu imepita muda wake, imepakwa mafuta ya mgando yanayoila lateksi, imevaliwa kwa kuchelewa, au imebaki mfukoni. Msomaji, soma tarehe kwenye pakiti, tumia kilainishi cha maji, na uivae kabla ya kugusana.