Habari za Michango Katika Bukoba na Muleba

Neno kuchanga ni la zamani katika Kiswahili, na maana yake yajulikana: kila mtu kutoa kidogo ili jambo la wote litimie. Siku hizi twasikia habari za kuchangisha fedha kwa mtandao, na wengi wadhani kuwa yatosha mtu kuwa na simu na maneno matamu. Historia ya Bukoba, na ya Muleba iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya hiyo, yaonyesha vingine.

Hapo kale Wahaya walifunga undugu wa damu kwa buni. Wawili waligawana buni mbili za tunda moja, kila mmoja akapaka yake damu na kumlisha mwenziwe. Aliyefunga undugu huo alikuwa na mtu wa kumwendea siku ya shida. Ama anayeomba mchango kwa watu asiowaona hana buni ya kuwapa. Itampasa awape hesabu.

Hesabu hiyo yataka watu wa kalamu. Umoja wa Wahaya wa Bukoba, ulioanzishwa mwaka 1924, ulikuwa wa wasomi na wafanyabiashara. Mwaka 1950 kikaandikishwa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, BNCU, na mkulima wa Kamachumu akakubali kuacha kahawa yake mikononi mwa watu asiowajua kwa sura, maadam imepimwa mbele yake naye amepewa cheti. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudi baada ya sheria ya 1982. Mrithi wake, KCU, alitumia fedha za ziada za biashara ya haki kununua hisa katika TANICA, kiwanda cha kahawa cha Bukoba. Hizo zilikuwa senti za wengi, nazo zikawa mali.

Tarehe 10 Septemba 2016 likaja tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, na nyumba kwa maelfu zikaanguka au kupasuka. Michango ikamiminika kutoka kila upande. Kabla ya mwezi kwisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa baadhi ya viongozi kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina lile lile la kamati ya maafa. Januari 2017 alifika Bukoba, akasema wazi kuwa serikali haitamjengea mtu nyumba yake. Itatengeneza shule, hospitali na barabara. Shule ya Ihungo, iliyoharibika sana, ikajengwa upya.

Sisemi shule haikustahili. Lakini neno maafa ni pana mno: mtoaji aweza kulisikia akamwona mjane alalaye migombani, na mpokeaji akaona daraja. Aombaye hana budi kutaja kitu chenyewe kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, na hapa wenye kuijua lugha wana kazi.

Vikundi vidogo vya kuzikana vimelijua hilo. Wana wa Muleba waishio Dar es Salaam na Mwanza hutuma fedha kwa simu; mtunza fedha huandika jina la kila mtu na alichotoa, kisha hupiga picha ya stakabadhi ya mabati, ya mbao, ya sanduku, na kuwarudishia wote waione.